Kulituliza tumbo kwa chakula cha sokoni: mwongozo wa wiki sita

Mtu aliyefunga choo siku tatu hulala vibaya, huamka mzito, hunywa chai na maandazi kwa sababu hana hamu ya kitu kingine, na ikifika jioni hasira ziko karibu. Wengi hutibu kila shida kivyake: kidonge cha usingizi, kidonge cha gesi, kidonge cha kichwa. Sisi tunashauri uanzie utumboni. Huko ndiko shida hizo hukutana mara nyingi, na vitu vingi vya kuanzia vipo gengeni: maharage, unga wa dona, mchicha, mapera, maziwa.

Tumbo na kichwa vinavyosemezana

Utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, hunyonya sukari, mafuta na protini. Kinachobaki huingia kwenye utumbo mpana, mita moja na nusu tu, ambako wanaishi bakteria kwa matrilioni, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wako. Bakteria hao hula nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo miili yetu haiwezi kuimeng'enya. Wakishaila hutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo inaitwa butireti, nayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazounda ukuta wa utumbo mpana. Katika majaribio ya panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria waligeukia kula ute unaoufunika ukuta huo, na ukuta ukabaki bila kinga yake.

Habari za tumboni hufika kichwani kwa njia kadhaa. Kuna neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi tumboni. Nyuzi zake nyingi hupeleka taarifa kutoka tumboni kwenda juu, si kinyume chake. Kuna kinga ya mwili, ambayo sehemu kubwa ya askari wake wamekaa kandokando ya utumbo. Na kuna usingizi: tumbo lililojaa gesi au kiungulia cha usiku wa manane hukuamsha, na asiyelala vizuri hana subira wala umakini kesho yake.

Hapa kuna jambo linalopotoshwa sana. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli na inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa utumboni. Lakini serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kazi yake kubwa ni kuusukuma utumbo ufanye kazi. Kwa hiyo anayekuuzia unga au kinywaji "cha kuongeza serotonini ya furaha" anakuuzia maneno. Ushahidi wenye uzito uko kwenye mlo mzima. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Kundi lililosaidiwa kubadili chakula kwa wiki 12, kwa kuongeza nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, karibu theluthi moja walipona kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na sonona. Katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 8. Ni jaribio dogo, na hakuna aliyeambiwa aache dawa. Hata hivyo linatosha kumfanya mtu aangalie sahani yake.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika elimu hii. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, miaka mingi ikiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake. Baadaye yeye na wenzake walipima choo cha watu: cha wanavijiji waliokula vyakula visivyokobolewa kilikuwa kizito zaidi na kilipita haraka zaidi kuliko cha Waingereza waliokula mkate mweupe. Leo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayekula sembe nyeupe, chapati, chipsi na soda anafanana zaidi na yule Mwingereza.

Wiki ya kwanza: usibadili kitu, andika tu

Chukua daftari. Kila siku andika saa ya kula na ulichokula, choo kilivyokuwa, saa za usingizi, na hali ya moyo kwa alama 1 hadi 5. Ukianza kubadili chakula kabla ya kuandika, hutajua kilichokusaidia.

Kwa choo tumia kipimo cha Bristol, chenye aina 7. Aina ya 1 ni punje ngumu zilizoachana, kama mavi ya mbuzi. Ya 2 ni kipande kigumu chenye mabonge. Ya 3 ni kipande chenye nyufa juu yake, ya 4 ni laini na kirefu. Ya 5 ni vipande laini vyenye kingo safi, ya 6 ni uji wenye vipande vilivyochakaa, ya 7 ni maji matupu. Unatafuta 3 na 4. Idadi ina nafasi pana kuliko watu wanavyodhani: mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida, mradi hukamui wala huumii.

Wiki ya pili hadi ya nne: nyuzinyuzi, kidogo kidogo

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ukiwa unaishi kwa sembe, mkate mweupe na maandazi, huenda uko kwenye nusu yake au chini. Usiruke moja kwa moja. Ongeza kama gramu 5 kwa siku, kaa hapo wiki nzima, kisha ongeza tena. Wanaoshindwa hushindwa hapa: Jumatatu wanakula bakuli la maharage, Jumanne tumbo limejaa kama ngoma, Jumatano wanasema "maharage hayanipendi". Bakteria wanaokula chakula hicho walikuwa wachache. Wanahitaji muda waongezeke.

Makadirio ya kukusaidia kupanga: nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 6 hivi. Gramu 100 za unga wa dona zina gramu 7, wakati unga wa mahindi yaliyokobolewa una karibu nusu ya hapo. Uji wa gramu 50 za unga wa ulezi usiochekechwa sana hukupa 5. Viazi vitamu gramu 200 hukupa 6, nusu kikombe cha mchicha uliopikwa 2, pera moja dogo 3, gramu 100 za parachichi karibu 7.

Kwa hiyo siku ya gramu 25 na zaidi ni hii tu: asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali wa dona na nusu kikombe cha maharage na mchicha, saa kumi pera, usiku viazi vitamu na samaki. Hakuna cha kuagiza kutoka nje.

Badilisha aina. Leo maharage, kesho kunde, keshokutwa choroko, dengu au mbaazi. Matembele, kisamvu na mlenda vipishane na mchicha. Kila mmea una nyuzinyuzi zake na hulisha bakteria tofauti. Wahadza, jamii ya wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao mlo wao hubadilika sana kati ya masika na kiangazi, walichunguzwa na matokeo kuchapishwa 2017: makundi fulani ya bakteria hupotea msimu mmoja na kurudi msimu mwingine. Tumbo hufuata chakula, na hufuata haraka.

Maji yaende pamoja na nyuzinyuzi. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zaidi ukiwa kwenye joto la Pwani au kazi ya jua. Ukiongeza dona na maharage bila kuongeza maji, choo huwa kigumu kuliko mwanzo.

Maharage yasiyojaza gesi

Sehemu hii tunaieleza kwa urefu, maana maharage ndiyo chakula cha bei nafuu chenye faida kubwa kwa utumbo, na ndiyo yanayoachwa kwanza.

Gesi inatokana na sukari za jamii ya rafinosi. Mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria wanapozila hutoa gesi. Sehemu ya sukari hizo huyeyuka kwenye maji, na hapo ndipo pa kuzipunguzia.

Nusu kilo ya maharage ichambue, uiloweke jioni kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, iache saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo. Osha mara mbili. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo, engua povu, kisha punguza moto yaive taratibu, saa moja hadi moja na nusu, mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kubaki kiini kigumu. Zile dakika 10 za moto mkali usiziruke, hasa kwa maharage mekundu: yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha vibaya, na moto mdogo usiochemsha hauiharibu. Kupikia usiku kucha kwenye jivu la moto bila kuchemsha kwanza ni hatari kwa sababu hiyo.

Nyanya, ndimu na ukwaju viingie maharage yakishaiva. Uchachu huyafanya yagome kulainika. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Mwenye shinikizo la damu ayaache kabisa. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata uyachemshe nusu siku. Hayo usipambane nayo kwa magadi, badilisha muuzaji.

Anza na vijiko viwili vya chakula kwa siku katika wiki ya pili, robo kikombe wiki ya tatu, nusu kikombe wiki ya nne. Choroko na dengu zilizomenywa ni rahisi zaidi kwa tumbo lililozoea wali mtupu. Gesi kiasi itakuwepo siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua wiki chache zikipita.

Neno moja kuhusu kiporo. Wali, ugali na viazi vikipoa, sehemu ya wanga hubadilika na kuwa wanga sugu, ambao nao huwafikia bakteria. Lakini wali ulioachwa kwenye sufuria usiku kucha huota bakteria ambao sumu yao haifi hata ukiupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake ukiwa umepashwa hadi utoe mvuke. Usiyekuwa na friji, pika wa kutosha mlo mmoja.

Wiki ya nne kuendelea: mtindi wa nyumbani

Vyakula vilivyochachushwa huingiza bakteria hai. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa 2021, watu wazima waliokula vyakula vya namna hiyo kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za bakteria utumboni, na viashiria kadhaa vya uvimbe wa ndani ya mwili (inflammation) kwenye damu vilishuka. Walikula kila siku, na kwa wiki nyingi. Kikombe kimoja cha Jumapili hakitoshi.

Unahitaji lita moja ya maziwa, vijiko vitatu vya chakula vya mtindi usio na sukari wenye bakteria hai, sufuria, chombo chenye mfuniko kilichosuuzwa kwa maji ya moto, na blanketi.

1. Chemsha maziwa hadi yapande, punguza moto, koroga dakika 10. Kuchemsha huku huua vimelea na kufanya mtindi uwe mzito.
2. Yaache yapoe hadi nyuzi 43 hivi. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono: uhisi joto la wazi lakini lisikuchome.
3. Changanya mbegu, yaani ule mtindi, na nusu kikombe cha maziwa hayo hadi mabonge yaishe. Rudisha kwenye maziwa, koroga taratibu.
4. Funika, funga kwa blanketi, weka mahali pasipotikiswa. Pwani saa 6 hadi 8 zinatosha. Iringa, Arusha au Nairobi wakati wa baridi inaweza kufika saa 12.
5. Ukiganda, weka kwenye friji. Tumia ndani ya siku 5 hadi 7, na utoe vijiko vitatu vya mbegu kabla hujaanza kula.

Usipoganda, sababu ni moja kati ya nne. Maziwa yalikuwa ya moto mno ukaua mbegu. Yalipoa mno. Mbegu ilikuwa ya mtindi uliochemshwa kiwandani baada ya kuganda. Au, na hili wengi hawalijui, maziwa yametoka kwa ng'ombe aliyedungwa antibiotiki, mara nyingi kwa ugonjwa wa kiwele, akakamuliwa kabla muda wa kusubiri haujaisha. Dawa iliyobaki kwenye maziwa huua mbegu yako. Muulize mfugaji moja kwa moja.

Maji ya kijanikijani yakijitenga juu hayana ubaya. Yarudishe kwa kukoroga. Mtindi wenye mapovu, unaovutika kama ute, au wenye ukungu wa rangi ya waridi, chungwa au kijani, mwaga wote. Usikwangue juu na kula chini. Na kamwe usigandishe maziwa mabichi kwa imani kwamba uchachu utaua kila kitu: brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kukupata kwa njia hiyo.

Anza na robo kikombe kwa siku, baada ya wiki nusu, kisha kikombe kizima. Watu wazima wengi huku kwetu hawamudu sukari ya maziwa, lakini mtindi huvumilika zaidi kwa sababu bakteria wameshaila sehemu yake. Ukiharisha hata kwa robo kikombe, kunywa togwa: pika uji mwepesi wa mahindi au mtama, upoe ubaki vuguvugu, tia vijiko viwili vya unga wa kimea cha ulezi kwa kila lita, funika saa 12 hadi 24. Uji hulegea zaidi mbele ya macho yako, kwa kuwa kimea kina vimeng'enya vya kuvunja wanga, kisha huchachuka. Kimea chenye ukungu au harufu ya uvundo usikitumie. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchachusha.

Saa ya choo na tumbo la wasiwasi

Utumbo mpana hujikaza zaidi asubuhi na ndani ya nusu saa baada ya kula. Tumia nafasi hiyo: kula asubuhi, kisha nenda chooni dakika 20 baadaye kila siku, hata kama hujabanwa, ukae dakika 5 hadi 10 bila simu. Anayezuia choo kwa sababu yuko kwenye foleni au ofisini anaufundisha utumbo kunyamaza. Choo cha kuchuchumaa kinakupa mkao unaofaa tayari. Cha kukaa, weka kistuli cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, inama mbele kidogo, acha tumbo lilegee.

Hofu nayo hushuka tumboni: hupunguza kasi ya tumbo la juu na kuuharakisha utumbo mpana, ndiyo maana mtu huharisha asubuhi ya mtihani. Kabla ya kula, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, dakika 5. Kutoa pumzi taratibu huamsha neva ya vagasi. Chakula cha usiku kiishe muda wa saa tatu kabla ya kulala, na tembea dakika 20 baada ya mlo mkubwa. Haya yanaonekana madogo. Kwa mwenye gesi na kiungulia ndiyo huleta nafuu ya kwanza.

Sanamaki na antibiotiki

Pwani yote watu hunywa sanamaki "kusafisha tumbo". Ni dawa halisi ya kulegeza choo na ina nafasi yake kwa siku chache. Ikinywewa kila wiki huondoa potasiamu na maji, misuli hulegea, moyo unaweza kubadili mapigo, na mtu hujikuta hapati choo bila hiyo. Utumbo hauna taka zilizoganda ukutani za kusafishwa. Ukiwa umeizoea, punguza kipimo taratibu huku ukipandisha nyuzinyuzi na maji. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Antibiotiki huua na bakteria wa faida. Hazisaidii mafua, na kuharisha kwingi hupona bila hizo. Metronidazoli inayonunuliwa duka la dawa kila tumbo linapouma huleta usugu wa vimelea. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Mtoto apate pia zinki kutoka kituo cha afya. Daktari akikuandikia antibiotiki, zimalize kama alivyosema, na mlo wa nyuzinyuzi uendelee.

Pale ambapo chakula hakitoshi

Nenda hospitali usisubiri wiki sita ukiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kuharisha kunakokuamsha usingizini, chakula kukwama kooni, homa isiyoisha, au choo kubadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 45. Huzuni au kukata tamaa kwa zaidi ya wiki mbili kunahitaji mtaalamu, na mawazo ya kujidhuru yanahitaji msaada siku hiyohiyo. Mtindi haubadili hilo, na dawa za sonona haziachwi kwa sababu tumbo limetulia.

Kama shida yako ni maumivu ya chembe ya moyo yanayorudirudi, omba kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, kwa choo au kwa pumzi. Kipimo cha damu huonyesha kinga ya zamani pia, hivyo mtu aliyekwishapona anaweza kutibiwa tena bila sababu. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, iachwe wiki mbili kabla ya kupima, kwa ushauri wa daktari, na iwe imepita angalau wiki nne tangu antibiotiki ya mwisho. Bila hivyo jibu linaweza kutoka "hakuna" wakati wapo. Bakteria wakipatikana, tiba ni mchanganyiko wa dawa kwa siku 14 kwa kawaida, na kipimo hurudiwa angalau wiki nne baada ya kumaliza.